Mfenesi Nyuma ya Mihogo

Enzi zetu, Jumamosi mchana mtoto wa mtaa wetu hakupotea. Ukimtaka, ulimfuata bustanini. Nyie mliokulia Morogoro chini ya mlima mnanielewa. Ikifika saa tisa, jua limeanza kulegea na ukungu unashuka mdogo mdogo kutoka Uluguru, basi utasikia madumu yanagongana njia nzima hadi kijitoni. Kina mama na kanga zao kiunoni, majembe begani, watoto nyuma yao tumebeba makopo na kulalamika. Hakuna aliyetuuliza kama tuna nafasi. Watoto wa leo ukiwaambia wakuchotee maji glasi moja wanakuuliza kwanza simu ikae wapi.

Ilikuwa Klabu ya Bustani. Jina hilo liliandikwa kwa chokaa kwenye ubao uliofungwa kwa waya langoni, na mvua za masika zililifuta kila mwaka, na kila mwaka Mwalimu Fausta aliliandika upya kwa mwandiko uleule wa ubaoni, herufi zimesimama kama wanafunzi paredi. Mwalimu Fausta ndiye aliyeianzisha. Alikulia upande wa Matombo, karibu na misheni, na masista walimfundisha kupandikiza maua tangu akiwa hajaota meno ya mbele. Alipohamishiwa shule yetu ya msingi alikuja na sanduku moja la nguo na kikapu kimoja cha vipandikizi vilivyofungwa kwenye kitambaa kibichi. Inasemekana kwenye gari sanduku alilipakia juu na kikapu akakipakata.

Lakini maua bila ardhi ni vijiti tu. Ardhi alikuwa nayo Bibi Mwanne.

Bibi Mwanne alikuwa Mluguru wa palepale, mama zake na bibi zake walilima ukingo ule wa kijito kabla mtaa wetu haujawa mtaa. Mwembamba, mrefu, macho makali, ushungi mweupe hata akienda kupalilia. Mwalimu Fausta alimwendea, akamsalimu, akakaa mkekani, wakazungumza habari za mvua na habari za watu waliokufa, na mwisho akaomba kipande cha kufanyia bustani ya kina mama. Bibi akampa. Akampa bila karatasi, bila shahidi, ila kwa masharti mawili ambayo kila mwanachama mpya aliyasikia kabla hata hajaonyeshwa jembe liko wapi.

Sharti la kwanza lilikuwa ngoto. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mgeni akipewa mahali pa kulima, kila mwaka baada ya mavuno anapeleka kitu kidogo kwa mwenyewe, kuonyesha kwamba hajasahau analima kwa nani. Klabu yetu ilipeleka jogoo na kibaba cha mchele. Sharti la pili ndilo lililokuwa zito: mgeni hapandi mti wa kudumu. Mchicha panda, matembele, mnafu, nyanya, maua ya kila rangi, mihogo ya kuzungushia, sawa. Lakini mti wa kuishi kuliko mtu, hapana, kwa sababu anayepanda mti wa namna hiyo anatangaza kwamba mahali pale ni pake na pa watoto wake.

Kwetu sisi watu wa kuja hilo lilikuwa jambo gumu. Mtaa wetu ulijaa watu wa viwandani, mmoja katoka Mahenge, mwingine Singida, mwingine Songea. Sisi tulitoka Tukuyu, ambako nyumba isiyo na migomba unaweza kudhani mwenyewe amefiwa. Mama yangu aliteseka. Alikuwa mtunza kitalu wa klabu, mikono yake ikigusa kitu kinaota, na miaka yote hiyo hakupanda mgomba hata mmoja. Nakumbuka ugomvi wa mpapai uliochukua Jumamosi tatu. Baba Rehema, mwanamume pekee klabuni, mstaafu wa reli aliyependa mabishano kuliko chakula, alileta mche wa mpapai akasema mpapai si mti, ni mboga ndefu. Bibi Mwanne aliitwa kuamua. Aliutazama ule mche, akamtazama Baba Rehema, akasema, "Utazeeka kabla yako. Panda." Baba Rehema hakujua kama ameshinda au ametukanwa.

Kichekesho ni kwamba klabu ile ilikuwa na miti kuliko mtu yeyote mjini. Kitalu cha mama kilijaa miche ya miarobaini, mikungu, mizambarau na michungwa, imepandwa kwenye makopo ya maziwa ya unga na vifuko vya nailoni. Ila yote ilikuwa abiria. Vuli ikianza, tuliibeba vichwani tukaipeleka kwingine. Pale kliniki, ambapo kina mama walisimama juani na watoto mgongoni wakisubiri mizani, klabu ilipanda mikungu mstari mzima. Shuleni tulipanda miarobaini. Makaburini, mizambarau kwenye mpaka. Na mtu akifiwa, hata kama hamjui jina, kabla turubai halijafungwa kilikuwa kimeshafika kikapu cha mboga kutoka bustanini, na bibi mmoja wa klabu amekaa jikoni anachambua. Mama alikuwa na msemo wake akituona tunanuna kubeba kikapu: "Wewe unadhani siku yetu ikifika tutachambuliwa mboga na redio?"

Harufu ya bustani ile ninayo mpaka leo. Mchaichai uliokanyagwa. Udongo mweusi wa kijitoni. Samadi tuliyobeba kutoka kwa wafuga ng'ombe kwenye mifuko ya salfeti, na kila mtoto akiapa kwamba mfuko wa mwenzake ndio unaonuka. Baada ya kazi tulichemshiwa mihogo kwenye sufuria la klabu, tukala na chumvi na pilipili, tumekaa juu ya madumu, mikono haijatakata vizuri. Hatukuumwa tumbo. Siku hizi mtoto akiangusha biskuti chini nyumba nzima inapiga kelele.

Zaina, mjukuu wa Bibi Mwanne, alikuwa shoga yangu. Tulikaa dawati moja, tukaruka kamba pamoja, tukachongeana kwa Mwalimu Fausta kwa zamu. Zaina ndiye aliyeleta fenesi.

Lilikuwa fenesi kutoka Matombo, kubwa kama mtoto wa miezi sita, limeletwa na mjomba wake. Tulilila nyuma ya kitalu mpaka midomo ikashikana kwa utomvu na tukalazimika kuipaka mafuta ya kula. Mbegu nyingine tulichemsha. Mbegu moja niliificha kwenye mfuko wa sketi.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo kosa langu lilipo. Kule kwa babu, Tukuyu, kila mtoto akizaliwa anapandiwa mti wake. Binamu yangu aliniandikia barua kwamba mparachichi wake umeshazaa, na kwamba mimi sina mti kwa sababu nimezaliwa mjini. Iliniuma, jamani. Sisi tulikaa kwenye nyumba za kiwanda, ua wote saruji, hata kuzika panya ungeomba msaada wa sululu. Nilitaka mti wangu. Nilikuwa na miaka minane, sharti la Bibi Mwanne nalijua kwa moyo, na mbegu ninayo mfukoni.

Nikaifukia kwenye kona, mwisho wa tuta la mama, nyuma ya safu ya mihogo.

Nilijiambia nitauhamisha ukiota. Ulipoota nikajiambia ngoja ukomae kidogo. Mihogo ile haikung'olewa yote kwa mara moja hata siku moja, ilikuwa inatolewa mmoja unapandwa mwingine, kwa hiyo kona yangu ilikuwa salama. Kila Jumamosi nilikuwa wa kwanza kujitolea kumwagilia upande ule. Mama alinisifu mbele ya watu, "Tumpe wangu siku hizi ana bidii," na mimi nikainamisha uso kwa haya, si ya kusifiwa.

Miaka miwili ikapita hivyo, na miaka ile haikuwa ya mchezo. Ruksa ya biashara huria ilikuwa imeingia. Nyie wenzangu mnakumbuka: jana sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, leo madukani kuna sabuni za rangi saba na huna cha kununulia hata moja. Mitumba ikajaa sokoni, tukavaa makoti ya baridi kwenye joto la Januari kwa sababu yalikuwa mazuri. Jirani mmoja akaleta televisheni, mtaa mzima ukahamia dirishani kwake. Na huku viwandani walianza kupunguza watu. Baba alirudi siku moja mchana, akavua ovaroli lake, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kabati. Hakulivaa tena. Tuta la mama, ambalo zamani lilikuwa la kitoweo cha ziada, likawa ndilo kitoweo chenyewe. Nyumba nyingi za klabu zilikuwa hivyo.

Na ardhi nayo ikaanza kuwa na bei. Watu tusiowajua walipita na magari kando ya kijito, wanashuka, wanaangalia, wanaonyeshana kwa kidole. Mabonde ya jirani yalizungushiwa ukuta, na waliokuwa wakilima pale wakaambiwa palikuwa na mwenyewe mwenye karatasi. Bibi Mwanne akawa mkali kuliko kawaida. Alikuwa akitembea bustanini asubuhi na jioni, mikono nyuma, anahesabu mipaka kwa macho.

Ndipo Mwalimu Fausta akasema ile mihogo ya kona ing'olewe yote, tupanue tuta la mboga za wafiwa.

Nilikuwepo. Niliona mihogo inatoka mmoja mmoja. Ulipotoka wa mwisho, mfenesi ukabaki umesimama peke yake, majani yanameremeta kama yamepakwa mafuta, unanizidi kimo. Majembe yakasimama.

Bibi Mwanne aliitwa. Alikuja, akauzunguka ule mti mara moja, akaushika shina.

"Nani kapanda?"

Bibi akamgeukia mama.

"Mama Tumpe, hili ni tuta lako."

"Ni langu, Bibi," mama akasema. "Lakini mti huu siujui. Haki ya Mungu siujui."

"Mti wa miaka miwili, mwisho wa tuta lako, na wewe ndiye mtunza kitalu. Huujui." Bibi hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Nimewaona wengi siku hizi wanaitaka ardhi hii. Wao wanakuja na gari, nawaona. Nyie mlikuja na maua."

Mama akalilaza jembe chini. Na mimi, mwenye mti, nilisimama hatua tatu kutoka pale na kopo la maji mkononi, mdogo kama kidonge cha piritoni, na sikusema kitu. Nimeishi miaka mingi na nimefanya mambo ya kijinga ya kutosha, lakini hakuna ninaloliona aibu kama ukimya ule.

Bibi akafunga lango kwa waya. Bustani ikawa imekwisha.

Wiki ile kitalu kilikauka. Kikapu cha wafiwa hakikwenda popote, na tulikuwa na msiba mtaa wa pili. Kina mama walikaa vibarazani, mikono mapajani, hawajui waifanyie nini. Na maneno yakaanza, kwamba Mama Tumpe kaponza watu wote, hawa wa kutoka mbali ndivyo walivyo, wakipewa mkono wanataka bega. Mama aliyasikia yote. Alikuwa akipika, akitupakulia, halafu anakaa pembeni anatutazama tunavyokula. Alhamisi usiku nilimsikia akimwambia baba, "Tatizo si mboga, Baba Tumpe. Yule bibi aliniamini."

Kesho yake Ijumaa, nilitoka shuleni mchana badala ya kwenda nyumbani nikapitia kijitoni. Nilikuwa nimeiba panga la jikoni. Akili yangu ya utoto iliniambia mti ukiondoka, kosa nalo litaondoka. Nikapenya kwenye uzio, nikaanza kuchimba. Nilichimba kwa panga, kwa mikono, kwa kigae cha chungu. Mizizi ilikuwa imeshuka mbali. Nikashika shina nikavuta mpaka nikaanguka chali, nikainuka, nikavuta tena, na kulia kukanikamata hapohapo.

"Unaiba au unazika?"

Bibi Mwanne alikuwa amesimama juu yangu na ushungi wake wa sala.

"Shikamoo Bibi," nikasema, uso wote udongo.

"Marahaba. Nimekuuliza."

Nikamwambia. Maneno yalitoka yamechanganyika na kamasi: fenesi la Zaina, babu wa Tukuyu, mparachichi wa binamu, ua wa saruji, mihogo. Nikamwambia mama hajui, mama hakujua kabisa, na kwamba mimi ndiye wa kufukuzwa, si mama. Bibi alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akachuchumaa, akaanza kurudishia udongo kwenye mizizi niliyoifukua.

"Usiukate," akasema. "Mtu akipanda mti kwa mwenzie, mti unakuwa wa mwenye ardhi. Kuanzia leo huu ni wangu. Umesikia?"

Nikaanza kulia upya, kwa nguvu zaidi. Nitakuwa mkweli kwenu: mara hii sikulilia kosa. Nililia mti wangu.

Jioni Bibi Mwanne alikuja kwetu kwa miguu yake, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mama alipomwona mlangoni akapiga magoti kumsalimu. Bibi alimwinua, akamwambia mbele ya majirani waliokuwa wamejikusanya kwa bahati mbaya, "Mama Tumpe, nilikusema vibaya. Mwizi wangu ana miaka kumi na ameshakiri." Kisha akanihukumu: kiangazi chote nimchotee maji madumu mawili kila siku. Mama aliongeza adhabu yake mwenyewe, ambayo sitaieleza, ila kwa siku mbili nilikula nimesimama. Lango likafunguliwa Jumamosi ileile.

Nilichota maji kiangazi chote. Nilimchukia Bibi Mwanne kwa wiki tatu hivi, halafu nikazoea, halafu nikaanza kupenda. Alikuwa akinikalisha nipumzike, ananipa kipande cha muwa, ananieleza majina ya bibi zake kwenda nyuma, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alilima sehemu gani ya ukingo ule. Zaina alikuwa ameyasikia mara mia, anaona ni kero. Mimi nilikuwa mgeni, nikayashika.

Masika yaliyofuata, wapimaji wakaja. Walikuwa watatu, wana mkanda na vigingi vyekundu, na nyuma yao mfanyabiashara mmoja tusiyemjua aliyetaka kujenga ghala kando ya kijito. Ilikuwa siku ya klabu, kwa hiyo wote tulikuwepo. Kiongozi wao alikuwa kijana mpole, mwenye faili, alimsalimu Bibi kwa heshima zote.

"Bibi, una karatasi ya eneo hili?"

"Karatasi sina. Mama zangu ninao."

"Nakuelewa, Bibi. Lakini mimi naandika ninachokiona. Hapa naona mchicha na maua. Mchicha ni wa wiki tatu, maua ni pambo. Nyumba hakuna, kaburi hakuna. Kuna zao lolote la kudumu? Kama hakuna, inabidi niandike eneo la wazi."

Nikamwona Mwalimu Fausta anafumba macho. Miaka yote ile tulikuwa tumelishika sharti la Bibi kwa uaminifu, tumepeleka miti yetu kliniki na shuleni na makaburini, na uaminifu wetu ndio ulioiacha ardhi yake uchi. Mjini kote kulikuwa na kivuli chetu, isipokuwa pale.

Bibi Mwanne akavikagua vigingi vyekundu kimoja kimoja. Kisha akasema, "Upo mti."

Akawaongoza hadi kwenye kona. Mfenesi ulikuwa umenenepa shina, na kwa mara ya kwanza ulikuwa umetoa fenesi moja dogo, la kijani, limeng'ang'ania chini kabisa kama linajificha. Kijana aliugusa, akafungua faili.

"Kaupanda nani?"

"Mjukuu wangu."

"Jina lake?"

Bibi aligeuka. Zaina alikuwa amesimama kulia kwake, mjukuu wa damu, mtoto wa binti yake, jina safi la kuandikwa. Bibi akampita kwa macho, akanitafuta mimi.

"Tumpe," akasema.

Kalamu ikasimama. "Tumpe? Bibi, hilo si jina la Kinyakyusa? Una mjukuu Mnyakyusa?"

"Baba, wewe umetumwa kupima ardhi au kupima wajukuu wangu?"

Kijana akacheka. Hata yule mfanyabiashara alitabasamu, bahati mbaya yake. Jina langu likaandikwa. Sijui sheria inasemaje hasa, na najua Mwalimu Fausta naye aliandika barua zake, akatembea ofisi hadi ofisi na viatu vyake vya kisigino kifupi. Ninachojua ni kwamba walichomeka kigingi chao cha mwisho ng'ambo ya uzio wetu, na ghala likajengwa mbali.

Baadaye Mwalimu alimuuliza Bibi kwa nini hakusema tu kaupanda yeye mwenyewe, mambo yaishe. Nilikuwa nachota maji karibu, nikasikia jibu.

"Mwalimu, mtu mzima mimi, niseme uongo mbele ya serikali? Mti kaupanda yeye. Kilichobaki ni yeye awe mjukuu wangu, na hilo liko mikononi mwangu."

Mwaka ule baada ya mavuno mama alichagua jogoo mzuri, wa kwetu wenyewe, mbali na yule wa klabu, akamfunga miguu, akampeleka kwa Bibi Mwanne kama shukrani na ngoto. Jioni Zaina akamrudisha jogoo, amemkumbatia kwapani. Mama alishtuka, akadhani tumekosea tena. Zaina akasema alivyotumwa: "Bibi anasema mjukuu haleti ngoto." Mama alikaa chini pale mlangoni na jogoo mapajani, akalia, na mimi nikakaa pembeni yake nikalia, na baba akatoka ndani akauliza nani kafa.

Siku hizi klabu haipo. Mwalimu Fausta alistaafu, akarudi kwao, akafia huko. Baba Rehema alitutangulia zamani, na mpapai wake ulimtangulia kama alivyoahidiwa. Mama anaishi na mimi Dar es Salaam, kwenye nyumba yenye ukuta pande nne, na amejaza varanda ndoo za mchicha. Mtaani kwangu sijui majirani wana maua gani, maana ukuta wao ni mrefu kuliko wangu. Watoto wangu wananiletea maua ya plastiki siku ya mama duniani, wanasema hayana usumbufu, ukiyapangusa vumbi yametosha. Vijana wanapiga picha za harusi kwenye bustani za kukodi, wanaegemea mti wasioujua jina, wanashukuru, wanaondoka. Siwalaumu. Hakuna aliyewapa kopo la kubeba. Lakini nikipita kliniki ile ya Morogoro nikaona kina mama wamekaa chini ya mikungu na watoto wao, hakuna hata mmoja anayejua nani alimwagilia, nataka kusimama nipige ukelele kwamba ni sisi, ni mgongo wangu huu.

Mwaka jana, Bibi Mwanne akiwa ameshalala kaburini miaka mingi, nilikwenda kijitoni. Zaina ndiye mwenye ardhi sasa, kwa upande wa mama yake, kama ilivyo kwao. Ana mvi kama zangu na sauti ileile ya kuchongea watu. Kijito kimepungua, unaweza kukivuka bila kuvua viatu. Ghala limechakaa. Sehemu kubwa ya bustani wamekodishwa vijana wanaootesha mboga za kupeleka sokoni, wana mipira ya maji na spika inayoimba kutwa, wala hawakunisalimu mpaka Zaina alipowakaripia. Ila mfenesi upo, umekuwa jitu zima, watu wawili hatuwezi kuukumbatia. Tulijaribu.

Zaina akaniambia kila msimu fenesi la kwanza haliuzwi, Bibi aliacha maneno kwamba ni la Tumpe, na kwa kuwa siji, huwa analigawa kwa watoto wa shule kwa jina langu. Kuna watoto pale mtaani wanaodhani Tumpe ni aina ya fenesi. Nilicheka, kisha sikuweza kucheka, nikageuza uso nikatazama mlima. Ukungu ulikuwa unashuka mdogo mdogo, kwa wakati wake, kama vile saa tisa bado ni ya kwetu.

Kisha nikamwomba Zaina kipande kidogo, hatua tatu tu, pale mwisho wa lililokuwa tuta la mama. Nilitaka kupanda kitu kwa mkono wangu kabla sijapanda basi. Akaniazima jembe, akasimama mikono nyuma, macho makali, ushungi umemkaa sawasawa, na kwa dakika moja sikuwa mbele ya Zaina.

"Panda chochote unachotaka, Tumpe," akasema. "Ila mti usipande. Huo wako mmoja umetutosha."

Nikainama, nikapanda mchicha.